DENI NA SHERIA: MANENO YA BARAZANI KWA WATU WANAODAIWA



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya deni, na njia ambazo sheria ya Kenya imemwekea mtu aliyelemewa nalo. Hatukuja kumlaumu aliyekopa. Watu hukopa kwa sababu ya karo ya watoto, au mvua imekosekana, au mgonjwa amelazwa na hospitali yataka fedha kabla ya kumtoa. Tena hatukuja kumfundisha mtu namna ya kudhulumu mali ya mwenziwe, maana aliyekopesha naye ana watoto. Twataka kueleza jambo moja tu, nalo ni kwamba sheria imeacha milango kadhaa wazi kwa mdaiwa, lakini kila mlango una saa yake ya kufungwa, na wengi hufika kwao wakati umekwisha kupita.

Natuchukue mfano. Yupo fundi wa kushona nguo, ambaye hatutampa jina kwa kuwa ni mfano tu, ingawa kila mmoja wenu amjua mtu kama yeye. Alikopa shilingi 180,000 katika chama cha akiba na mikopo, watu watatu wakamdhamini. Mkewe akaugua. Akachukua mikopo ya simu, huu wa kulipa ule, hata ikafika shilingi 40,000. Mwenye duka la vitambaa naye amdai 60,000. Jumla yake ni shilingi 280,000, na kwa mwezi fundi huyu hapati zaidi ya chakula na kodi ya chumba.

Siku moja akaletewa karatasi ya mahakama. Je, alifanya nini? Aliikunja akaitia chini ya godoro, akamwambia mkewe asimwambie mtu.

Hapo ndipo alipoharibu shauri lake. Karatasi ile si hukumu; ni mwito tu. Yamwambia kwamba fulani amdai kiasi fulani, naye amepewa siku kadhaa za kujibu, na hesabu ya siku hizo imeandikwa humo humo. Asipojibu, mahakama yaweza kutoa hukumu bila ya kumsikia, na gharama za kesi zikaongezwa juu ya deni. Tena siku hizi mambo hayakawii kama zamani. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yataka kesi ikatwe kwa siku 60. Mtu akisema, "Nitakwenda baada ya mavuno," atakuta mambo yamekwisha.

Angalikwenda angeweza kusema nini, hali deni analikubali? Angeweza kusema hivi: "Deni ni langu, lakini siwezi kulilipa kwa mara moja, naomba nilipe kidogo kidogo." Kanuni za mashauri ya madai za mwaka 2010 zampa hakimu uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa sehemu, au malipo yangojwe kwa muda, ikiwa kuna sababu ya kutosha. Hata baada ya hukumu mdaiwa aweza kuomba hivyo. Lakini hakimu hataridhika na machozi. Atataka kuona hesabu: wapata nini kwa mwezi, watoto wangapi, kodi kiasi gani, na cha kwanza cha kulipa ki wapi. Mdaiwa aliyekwisha kulipa japo shilingi 2,000 kabla ya kuja husikilizwa vizuri kuliko yule anayeleta ahadi mikono mitupu. Na akishapewa amri hiyo aishike, maana akikosa sehemu moja, mara nyingi deni lote hudaiwa pale pale.

Kama hukumu imekwisha kutolewa naye hayupo, asikate tamaa, maana aweza kuiomba mahakama iiondoe ikiwa ana sababu ya kweli, kwa mfano kwamba mwito haukumfikia. Lakini kwa fundi wetu aliyeutia chini ya godoro, sababu hiyo haiko.

Sasa tuseme juu ya dalali, kwa maana hofu kubwa ya watu iko hapo. Wengi hudhani dalali aweza kuja usiku akachukua kila kitu mpaka sufuria. Sivyo. Kwa kanuni za madalali za mwaka 1997, vitu vya nyumbani havichukuliwi vikauzwa bila ya ilani: huandikwa orodha ya vitu na thamani yake, na mwenyewe hupewa siku 7 za kulipa au kupatana. Tena Sheria ya Mashauri ya Madai yakataza kuchukuliwa vitu fulani. Nguo za lazima za mdaiwa, mkewe na watoto haziguswi, wala vyombo vya kupikia, wala vitanda na matandiko. Vyombo vya kazi ya fundi vimekingwa, basi cherehani anayoshonea fundi wetu ni kinga ya nyumba yake. Mkulima naye ameachiwa mifugo na zana za kilimo kwa thamani iliyotajwa katika sheria, na mazao yanayohitajiwa ili apate riziki. Yafaa mambo haya myajue, kwa sababu dalali akikosea na mwenye nyumba asijue haki yake, hakuna atakayemsemea.

Na kifungo je? Ni kweli kwamba sheria yetu ingali na kifungo cha deni, kisichozidi miezi 6. Lakini mtu hafungwi kwa umaskini wake. Kwanza sharti aitwe mahakamani aeleze kwa nini asifungwe, na mahakama haina ruhusa ya kumfunga ila ikiridhika kwa sababu maalum, kama kwamba ataka kutoroka, au amekuwa na uwezo wa kulipa tangu hukumu akakataa, au ameficha mali yake. Mwaka 1972 Kenya iliingia katika mapatano ya mataifa yanayosema kwamba mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mapatano, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungo hiki chaweza kubaki katika sheria, lakini haki za mdaiwa sharti zilindwe kabla ya kupelekwa gerezani. Basi ukiitwa kueleza, nenda ukaeleze. Anayefungwa mara nyingi si yule asiyekuwa na fedha, bali yule asiyekwenda. Jambo jingine watu wasilolijua ni kwamba kifungo hakifuti deni. Mtu hutoka, na deni lake lamngoja mlangoni.

Hayo yote ni juu ya deni moja na mdai mmoja. Lakini fundi wetu ana wadai wengi. Akipatana na huyu, yule aja. Kwa mtu wa namna hii Bunge lilitunga mwaka 2015 Sheria ya Ufilisi, iliyoondoa ile ya zamani ya tangu siku za ukoloni. Ile ya zamani ilimchukulia mufilisi karibu kama mhalifu, na jina la ufilisi lilimkaa mpaka mahakama imfungue. Hii mpya yakubali kwamba mtu mwaminifu aweza kuanguka, na kwamba afadhali ainuke akalime tena kuliko kulala chini ya madeni hata kufa. Twaona hilo ni jambo jema, ingawa watu wa mashambani hawakupata kuelezwa vya kutosha.

Katika sheria hiyo yuko ofisa wa Serikali anayesimamia mambo ya waliofilisika. Ofisi yake imo katika Idara ya Usajili wa Biashara, chini ya Mwanasheria Mkuu. Sisi hapa tutamwita Msimamizi wa Ufilisi.

Kwa madeni yasiyo makubwa, mdaiwa aweza kumwomba Msimamizi huyu amri ya kulipa kwa sehemu. Si sawa na ile amri ya hakimu tuliyoitaja; ile ni ya deni moja, hii yakusanya madeni yote yasiyo na rehani, na mdaiwa hulipa kiasi kimoja kinachogawanywa kwa wote. Aweza kuamriwa kulipa deni lote, au sehemu tu kama Msimamizi aona kwamba yaliyobaki hayawezekani. Amri ikiwako, wadai hawawezi kumshitaki mmoja mmoja bila ya ruhusa. Twadhani njia hii ndiyo iwafaayo wengi wenu, wenye mshahara mdogo au mauzo ya maziwa na majani ya chai kila mwezi, kwa kuwa mtu habaki bila ya shamba wala hapewi jina la mufilisi. Haina faida kwa asiyekuwa na pato lolote, maana atalipa kwa nini?

Huyo ana njia ya asiye na mali, nayo twataka kukaa hapo kidogo, kwa kuwa imesemwa vibaya vijijini. Tumesikia watu wakisema, "Serikali hufuta madeni." Hapana. Anayekubaliwa ni mtu asiye na mali yoyote inayoweza kuuzwa, ambaye madeni yake si chini ya shilingi 100,000 wala hayazidi 400,000, ambaye hajapata kufilisika wala kuingia katika njia hii zamani, na ambaye pato lake limepimwa likaonekana halitoshi kulipa. Aliyeficha mali hukataliwa. Aliyekopa hali akijua kwamba hataweza kulipa hukataliwa pia. Akikubaliwa, wadai wake huzuiwa kumdai, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Mambo yake yakinyoka katikati, kwa mfano akipata urithi, aweza kuondolewa katika njia hiyo, na deni likarudi.

Fundi wetu, mwenye deni la 280,000 na chumba cha kupanga, angeweza kuliomba. Lakini jirani yake mwenye ekari mbili kwa jina lake hawezi, hata akiwa na njaa kuliko fundi, kwa kuwa ekari mbili ni mali. Wala msije mkaandikisha shamba kwa jina la shemeji ili mwonekane hamna kitu. Sheria yampa Msimamizi na mahakama uwezo wa kuyarudisha mali yaliyotolewa kwa hila, na mwenye kufanya hivyo aweza kushitakiwa kwa kosa la jinai.

Mwenye mali na madeni makubwa, kama mwenye lori au duka, atazame mapatano ya hiari. Huenda Mahakama Kuu kwa msaada wa mtaalamu aliyepewa leseni ya kazi hiyo, akaomba amri ya muda, ambayo kwanza ni ya siku 14, na katika siku hizo hakuna awezaye kumfilisi wala kumletea dalali. Mtaalamu huandika mpango, wadai huitwa mkutanoni, nao wakiukubali kwa wingi unaotakiwa, huwafunga hata wale waliokataa. Mwenye rehani haki yake haiguswi ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Njia hii ni nzuri, lakini yataka fedha za kumlipa mtaalamu. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili haifai.

Mwisho wa njia zote ni kufilisika kwenyewe. Mtu aweza kuomba mwenyewe, au mdai amwombee, ikiwa deni limefika shilingi 250,000 na mdaiwa ameletewa dai rasmi na siku 21 zimepita bila ya kulipa wala kupinga. Mahakama ikiamua, mali ya mufilisi hushikwa na msimamizi wake, huuzwa, na fedha hugawanywa. Huachiwa vyombo vya kazi na vitu vya lazima vya nyumbani. Jina lake huandikwa katika daftari lililo wazi kwa watu wote. Hawezi kuongoza kampuni bila ya ruhusa, wala kutoka nchini bila ya ruhusa, wala kuchaguliwa katika Bunge au baraza la kaunti mpaka afunguliwe. Hayo ni mazito. Lakini yana mwisho: miaka 3 tangu alipotoa maelezo ya mali na madeni yake, hufunguliwa bila ya kuomba, isipokuwa kama kuna aliyepinga kwa sababu. Maelezo hayo yakichelewa, miaka mitatu haijaanza kuhesabiwa. Tumeona watu wakisema wamengoja miaka, kumbe karatasi ya kwanza hawakuitoa.

Tena yako madeni yasiyofutwa hata kwa ufilisi. Fedha za kumlea mtoto zilizoamriwa na mahakama hubaki. Deni lililopatikana kwa udanganyifu hubaki.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tukubali kuja hapa. Ni wale wadhamini watatu.

Mnakumbuka kwamba fundi alidhaminiwa katika chama. Tuseme Msimamizi amemkubali katika njia ya asiye na mali, na miezi 12 imekwisha. Fundi yu huru. Wadhamini je? Wao hawakuwa huru hata siku moja. Kufunguliwa kwa mdaiwa hakumfungui aliyemdhamini. Chama kitageuka kwao, na akiba yao iliyomo chamani ndiyo itakayokatwa kwanza. Mmoja wao ni mwalimu, wa pili ni mjane anayeuza mboga, wa tatu ni ndugu yake fundi. Mjane alitia sahihi kwa sababu fundi alimshonea sare za watoto kwa mkopo, na kwa kuwa kumkatalia jirani ni haya. Hakuna aliyemwambia kwamba sahihi ile ni deni.

Basi fundi, kabla ya kwenda kwa Msimamizi, yampasa aketi na watu hawa watatu awaeleze. Si sheria inayomwamuru. Sisi ndio tunaosema hivyo. Pengine wakienda pamoja chamani, chama kitakubali kuongeza muda na kupunguza kiasi cha kila mwezi, maana chama nacho chapenda fedha inayokuja polepole kuliko kesi. Wakishindwa kupatana, liko Baraza la Rufani la Vyama vya Ushirika linalosikiliza magomvi ya namna hii. Na mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai yule aliyemlipia. Lakini haki hiyo yafaa kitu gani ikiwa yule hana kitu? Ndiyo sababu twasema mdhamini naye aulize mapema, akisikia tu kwamba malipo yamekatika, wala asingoje mpaka akiba yake imekwisha kukatwa.

Yako machache tuyapitie kwa haraka kabla ya maswali. Mikopo ya simu ni deni kama deni jingine. Lakini mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni zinazokataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia watu walio katika simu yake ili kumwaibisha. Ukifanyiwa hivyo weka ujumbe ule, usiufute, upate kuuonyesha.

Shamba lililowekwa rehani benki haliuzwi kwa ghafula. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki hutoa ilani ya miezi 3, kisha ilani ya siku 40 kwamba yakusudia kuuza, kisha dalali hutoa siku 45. Kama nyumba ni ya mume na mke, ridhaa ya mwenzi ni lazima tangu siku ya kuweka rehani. Na tangu mwaka 2007, riba ya benki juu ya mkopo uliosimama haiwezi kupita kiasi cha mtaji uliobaki siku uliposimama. Basi mwenye kudaiwa aombe hesabu iliyoandikwa, aitazame.

Deni la mapatano likikaa miaka 6 bila ya kudaiwa mahakamani, mdai hupoteza nafasi ya kushitaki. Lakini ukilipa kidogo, au ukiandika barua kwamba walikubali, miaka huanza upya. Hatusemi haya ili mtu ajifiche miaka sita. Twasema kwa sababu wako wanaodaiwa madeni ya marehemu baba zao ya miaka ishirini, nao wakatoa mbuzi kwa hofu.

Mzee mmoja ametuuliza kabla hatujaanza kama ni lazima awe na wakili. Kwa Mahakama ya Madai Madogo si lazima. Mtu aweza kujisemea mwenyewe. Kwa njia ya asiye na mali na ile ya kulipa kwa sehemu, maombi hupelekwa kwa Msimamizi, si kwa jaji, na fomu zake zaweza kujazwa na mtu ajuaye kusoma na kuandika, mradi aseme kweli yote. Kwa mapatano ya hiari na kwa kufilisika, mtafute ajuaye sheria.

Waliokuja na karatasi zao za mahakama, za chama au za benki, na waketi upande huu wa mwembe. Tutazitazama moja moja, tukianza na zile ambazo siku zake za kujibu zimekaribia kwisha.